Redio Ikikatika Nyumbani, Tuhakikishe Kabla ya Kulaumu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Katika masuala ambayo wasomaji wetu hutuuliza, akina baba na akina mama, na khasa vijana wanaotumwa kuwawashia wazee simu zao, liko moja ambalo kwa kulitazama laonekana dogo, walakini limekwisha kutia ugomvi katika nyumba nyingi. Siku hizi watu wengi husikiliza redio kwa njia ya intaneti. Bibi aliye mgonjwa kitandani hutaka kusikia Qurani kutoka Cairo, baba hutaka darasa la baada ya Alasiri, na watoto hutaka kasida. Redio huwashwa, ikasema kwa dakika tano, kisha ikanyamaza katikati ya aya. Ikarudi, ikanyamaza tena. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mtoto huambiwa kuwa amemaliza bando kwa michezo yake. Jirani hudhaniwa kuwa anaiba waifai. Wenye kituo huitwa wavivu, na wenye kampuni ya simu huitwa wezi. Na aghlabu katika hao wote waliotajwa, hapana hata mmoja mwenye kosa.

Twapenda leo tueleze jambo hili kwa utaratibu, ili kila mwenye nyumba aweze kuipeleleza hitilafu hii mwenyewe bila ya kumtuhumu mtu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tuhakikishe khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, na katika aya ya 12 ya sura hiyo hiyo ametukataza kuwadhania watu dhana nyingi. Amri hizi hazikuwekwa kwa mambo makubwa ya vita na ya mabaraza tu. Mwenye kumpiga mtoto kwa ajili ya bando asilolimaliza amezivunja ndani ya nyumba yake mwenyewe.

SAUTI HUFIKAJE?

Haiwezi kuitengeneza njia mtu asiyeijua. Basi kwanza na tuijue njia ipitayo sauti.

Redio waliyoizoea wazee wetu, na ambayo bado ipo, hupokea sauti hewani. Mfano wake ni mwadhini aliye juu ya mnara. Yeye huadhini mara moja tu, wakamsikia watu 10 au watu 1,000, wala kuzidi kwa wasikilizaji hakumpunguzii mtu fungu lake. Aliye karibu husikia, na aliye mbali hakosi ila kwa umbali wake.

Redio ya intaneti si hivyo. Mfano wake ni mchota maji anayepeleka maji nyumba kwa nyumba. Kila msikilizaji hupelekewa sauti yake peke yake, kutoka katika mashine kubwa iitwayo seva. Wakiwa wasikilizaji 10, seva hupeleka mizigo 10. Wakiwa 1,000, hupeleka mizigo 1,000. Kwa hivyo kituo kinachosikika vizuri mwezi wa Rajabu chaweza kuelemewa mwezi wa Ramadhani, kwa sababu watu wamezidi na uwezo wa seva ni ule ule.

Na sauti yenyewe haiji kama mto unaotiririka. Hukatwa vipande vidogo vidogo, kila kipande kikasafiri njiani, kisha simu yako ikaviunga pamoja. Tena simu haikusomei kipande pale pale kinapofika. Huweka akiba kwanza. Fikiri mtungi uliowekwa chini ya bomba: maji huingia kwa juu, na wewe huchota kwa kata. Bomba likipungua kidogo hujui, kwa kuwa mtungi una akiba. Lakini likipungua kwa muda mrefu, kata hugonga chini, ukangoja mpaka maji yakusanyike tena. Kule kunyamaza kwa redio, na kile kiduara kinachozunguka juu ya kioo cha simu, si chochote ila mtungi umekauka na wajazwa tena.

Katika haya twapata faida moja kubwa. Redio haihitaji intaneti yenye mbio nyingi. Yahitaji intaneti iliyotulia. Vituo vingi hupeleka sauti kwa kilobiti 64 au 128 katika kila sekunde, na hicho ni kiasi kidogo sana mbele ya kile kinachohitajiwa na picha za video. Basi anayekwenda kununua intaneti ya bei kubwa zaidi kwa ajili ya redio tu, aghlabu amenunua kisichokuwa dawa ya ugonjwa wake.

NJIA INA VITUO VITANO

Sauti itokayo Cairo mpaka kufika sikioni mwa bibi yako hupita mahali patano. Pa kwanza ni studio ya kituo chenyewe. Pa pili ni seva yake. Pa tatu ni njia ya mbali, yaani mikongo iliyolazwa chini ya bahari pamoja na nyaya na minara ya nchi kavu. Pa nne ni nyumba yako: waifai, au data ya simu. Pa tano ni simu yenyewe, na spika ikiwa umeiunganisha na spika.

Kukatika kwaweza kutokea popote katika hapo patano, na mwenye kulaumu kabla ya kujua ni wapi, huyo arusha jiwe gizani.

Mathalan, mikongo ya kwanza ya baharini yenye nyuzi za kioo ilifika pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 2009. Tumeizoea hata tumesahau kuwa ipo. Lakini tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu baharini upande wa kusini, na intaneti ya Tanzania, Kenya na nchi nyingine za jirani ikazorota kwa siku kadhaa. Katika siku zile, mangapi yalisemwa majumbani juu ya bando na juu ya watoto, na ilhali sababu ilikuwa chini ya bahari, mbali sana na nyumba zetu!

Walakini siku kama zile ni chache. Hitilafu za kila siku, nyingi katika hizo ziko mahali pa nne na pa tano, yaani mikononi mwetu wenyewe.

DALILI NA MAANA YAKE

Tabibu huuliza kwanza: homa yaja wakati gani? Na redio kadhalika. Tazama yakatika vipi, utapata nusu ya jawabu.

Ikiwa redio hunyamaza dakika chache baada ya kioo cha simu kuzimika, na ukigusa kioo yarudi, basi sababu ni simu. Simu za leo zimefanywa zibane matumizi ya betri, na programu ambayo mtu haitazami huzimwa. Dawa yake ni kufungua mipangilio ya simu, sehemu ya betri, na kuiruhusu programu ya redio iendelee kufanya kazi hata kioo kikiwa kimezimwa. Hitilafu hii ni mashuhuri sana kwa wazee, maana wao huiweka simu kando ya mto wala hawaigusi.

Ikiwa hukatika chumbani lakini sebuleni haikatiki, sababu ni umbali au kuta. Majumba yetu ya mawe ya pwani, kama ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Unguja, yana kuta nene, na waifai hudhoofika kila ipitapo ukuta. Sogeza ruta mahali pa kati na pa juu, usiifiche kabatini wala nyuma ya friji. Tena ruta nyingi zina mawimbi ya namna mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Haya ya 5 yana mbio zaidi lakini hayapiti kuta vizuri, na yale ya 2.4 hufika mbali zaidi. Kwa redio ya chumba cha mbali, chagua ya 2.4. Ila jua kuwa oveni ya maikrowevu nayo hufanya kazi katika mawimbi hayo hayo ya 2.4, na inapowashwa yaweza kuivuruga waifai iliyo karibu nayo.

Ikiwa hukatika saa 2 hadi saa 4 usiku tu, na asubuhi ni salama, huenda mnara wa simu umeelemewa na watu wa mtaa mzima. Hapo huna la kufanya ila kusikiliza wakati mwingine, au kuchagua sauti nyepesi zaidi ikiwa kituo kinayo.

Ikiwa hukatika kila mtu mwingine nyumbani anapopakua picha za video, basi bomba ni moja na mitungi imezidi. Pataneni kwa wema juu ya nyakati.

Ikiwa sauti yakwaruza na kukatika kwenye spika isiyo na waya, na simu yenyewe yaonyesha kuwa redio yaendelea, basi iache spika, usikilize kwa simu. Ikitulia, hitilafu ni ya spika: ama iko mbali, ama betri yake imekwisha.

Na ikiwa imenyamaza moja kwa moja wala hairudi, na kurasa nyingine za intaneti pia hazifunguki, hapo sasa ndipo pa kutazama bando.

Hapa na tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde hula kiasi cha megabaiti 58 kwa saa moja. Ya kilobiti 64 hula kiasi cha megabaiti 29. Basi gigabaiti 1 yatosha kusikiliza takriban saa 17 kwa sauti ile ya kwanza, na takriban saa 34 kwa sauti hii ya pili. Redio ikiachwa yasema usiku kucha kwa saa 8, na watu wote wamelala, kwa sauti ya 128 zitakwenda megabaiti kama 460, karibu nusu ya gigabaiti. Basi kabla ya kumshika mtoto, na tujiulize ni nani aliyelala redio ikisoma.

NAMNA YA KUPELELEZA

Ukishaitazama dalili, fanya majaribio haya. Na sharti lake kubwa ni moja: badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mwenye kuzima ruta, akabadilisha simu, akahama chumba, yote mara moja, hata redio ikipona hatajua ni kipi kilichoiponya, na kesho itakatika tena.

Kwanza, katika simu ile ile na mahali pale pale, fungua kituo kingine. Ikiwa hiki chasema vizuri na kile chakatika, basi nyumba yako haina neno. Hitilafu iko kwa wenye kituo au katika seva yao. Ngoja, au waarifu.

Pili, ikiwa vituo vyote vyakatika, kiache kituo kile kile na ukifungue katika simu nyingine, kwa waifai ile ile. Ikisema vizuri huku, hitilafu ni ya simu ya kwanza. Izime na kuiwasha, ufunge programu nyingine zilizo wazi, kisha utazame ile mipangilio ya betri tuliyoitaja.

Tatu, ikiwa simu zote mbili zakatika, ondoa waifai katika moja na utumie data ya simu. Ikitulia, hitilafu ni ya waifai ya nyumbani. Simama karibu na ruta ujaribu tena. Ikiwa karibu ni salama, dawa ni kuisogeza ruta. Ikiwa hata karibu yakatika, izime ruta, ngoja nusu dakika, uiwashe. Isipopona, hapo ndipo pa kumpigia simu mwenye kukuuzia intaneti.

Nne, ikiwa kwa waifai na kwa data ni sawasawa, na kwa vituo vyote, waulize jirani zako. Wakisema na wao ni hivyo hivyo, basi jambo ni la njia ya mbali, na subira ndiyo dawa.

Kazi hii yote haichukui zaidi ya robo saa. Na kijana wa miaka 12 aweza kuifanya; bali ni vyema afanye yeye, ajifunze kuwa jambo hujulikana kwa kujaribiwa, si kwa kupigiwa kelele.

Na ukiwaarifu wenye kituo au wenye kampuni, usiwaandikie kuwa redio yao ni mbovu. Neno hilo haliwafai kitu. Waambie: siku fulani, saa fulani, kwa waifai au kwa data, imekatika mara kadhaa, na kituo kingine wakati ule ule kilikuwa salama. Khabari kama hiyo fundi aweza kuifanyia kazi.

JIRANI NA NENO LA SIRI

Ama jirani anayedhaniwa kutumia waifai bila ya idhini, nalo lina njia yake. Ruta nyingi zinaweza kuonyesha orodha ya vyombo vyote vilivyoungwa nayo. Hesabu vyombo vya nyumbani mwako, ukumbuke na runinga na simu ya mgeni, kisha ulinganishe. Ikiwa vyalingana, basi umemdhulumu jirani moyoni mwako, na yakupasa uisafishe dhana yako. Ikiwa kimezidi chombo, badilisha neno la siri kimya kimya, yaishe. Wala usisahau kuwa huenda ni mwanao mwenyewe aliyempa rafiki yake. Na kwa upande wa pili, vijana wetu wajue kuwa kutumia waifai ya mtu bila ya ridhaa yake ni kutumia mali yake, hata kama analofunguliwa humo ni Qurani. Kheri haichotwi kwa chombo cha watu kisichoombwa.

KHATARI YA ADHANA YA INTANETI

Sasa twafika katika jambo ambalo kwetu sisi ni zito kuliko yote yaliyotangulia, na twaomba kila nyumba ilisome mara mbili.

Tumesema kuwa redio ya intaneti huweka akiba mtungini kabla ya kukusomea. Maana yake ni kwamba unalolisikia limekwisha kupita. Huchelewa sekunde 10, au 30, au dakika nzima na zaidi. Tena kila inapokatika na kurudi, ziko programu zinazoendelea kutoka pale ziliponyamaza, na kwa hivyo ule ucheleweo hurundikana. Redio iliyokatika mara nyingi tangu usiku yaweza kuwa nyuma kwa dakika kadhaa, na msikilizaji hana khabari.

Basi mwenye kula daku huku akingojea adhana ya Alfajiri ya redio hiyo ili aache kula, huenda alfajiri imekwisha kuingia na yeye bado yuko katika chai. Na wakati wa kufuturu kuchelewa huko hakuharibu saumu, lakini hapo iko khatari nyingine, nayo ni mji. Jua halituchwei sote kwa pamoja. Kila daraja moja la longitudo kutoka mashariki kwenda magharibi ni tofauti ya dakika 4. Kigoma iko magharibi ya Dar es Salaam kwa madaraja karibu 10, na kwa hivyo jua la Kigoma huchelewa kutua kwa kiasi cha dakika 40. Baina ya Mombasa na Kisumu ni kadiri ya dakika 20, hupungua na kuzidi kwa majira ya mwaka. Zamani redio ya mji ilisikika mjini humo na pembezoni mwake, na saa ya adhana yake ilikuwa ndiyo saa ya wasikilizaji wake. Leo mtu wa Kigoma hufungua kituo cha Dar es Salaam, akasikia adhana ya Magharibi, akafungua kinywa, na jua la mji wake liko juu bado.

Kwa hivyo twausia: adhana ya redio ya intaneti na isikilizwe kwa kujibiwa na kwa baraka zake, lakini daku na futari zifuatwe kwa ratiba ya mji wako na saa iliyo sahihi, au kwa mwadhini wa msikiti wa mtaani kwako.

ADABU YA MSIKILIZAJI

Yamebakia maneno machache. Idhaa ya Qurani Tukufu ya Cairo ilianza tarehe 25 Machi 1964, kwa sauti ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary. Kwamba leo mgonjwa aliye Tanga au Lamu aweza kuisikiliza kitandani mwake, ni neema ambayo wazee wetu hawakuiota. Neema yataka shukrani, na katika shukrani ni kuitumia kwa adabu. Suratul Aaraf, aya ya 204, yatuamrisha Qurani inaposomwa tuisikilize na tunyamaze. Redio inayosoma katika chumba kisicho na mtu, au katikati ya mazungumzo na vicheko, haitimizi amri hiyo, tena yala bando bure. Na israfu imekatazwa katika sura hiyo hiyo, aya ya 31.

Ikiwa katika nyumba yako kituo unachokitaka chasikika hewani kwa redio ya kawaida, basi tumia hiyo. Haina bando, haina neno la siri, na aghlabu haiko nyuma ya wakati. Intaneti iwe kwa vile visivyofika hewani.

Na kwa bibi aliye kitandani, usimtegemeze kwa intaneti peke yake. Mpakulie misahafu ya wasomaji awapendao ndani ya simu, mara moja, mahali palipo na waifai nzuri. Siku mkongo utakapokatika baharini, yeye ataendelea kusikia, wala hatakuwa na haja ya kujua ni wapi ulipokatika. Na bora kuliko hayo yote, aketi mjukuu karibu yake, afungue msahafu, amsomee kwa ulimi wake mwenyewe. Sauti hiyo haipiti katika seva wala katika waya, na thawabu yake ni ya wawili.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuhakikisha kabla ya kusema, na azitie nyumba zetu utulivu. Amin.

Wabillahi tawfiq.